Nilimwekea VPN Mimi, Aliyesimamishwa Chuo ni Yeye

Admin, jina langu lifiche, na la chuo usilitaje kabisa. Mimi ni mwanaume wa miaka 32, kwetu Endagikot, Mbulu. Ni fundi wa mtandao wa chuo kikuu kimoja. Mtanisema, nami nimejiandaa, kwa sababu ninachokuja kueleza hapa nilikifanya kwa mikono yangu.

Mwaka juzi uongozi uliamua kuchuja mtandao ili wanafunzi wasifungue picha chafu. Bosi wangu akaniambia, "Hiki kichujio kinajua Kizungu tu. Kiongezee maneno yetu." Nikakaa na mwenzangu tukaorodhesha viungo vya mwili wa mwanamke, mimba, ukeketaji, kila neno ambalo huwezi kulitamka mbele ya mama mkwe. Tulikuwa tunacheka kama watoto. Ukurasa wowote wenye maneno hayo ukawa haufunguki, na jina la aliyejaribu kuufungua linabaki kwenye ripoti.

Muhula uliopita akaja binti mmoja wa mwaka wa tatu, wa jamii ya wafugaji wa Basotu. Utafiti wake ulihusu ukeketaji kwao Hanang, na msimamizi wake alishaupitisha. "Kaka, kila nikitafuta naandikiwa sina maadili," akasema. Nilipaswa kumwendea bosi nimwambie tumekosea. Lakini bosi ni mkali, na ile orodha ilikuwa kazi yangu. Nikachukua njia ya mkato: nikamwekea VPN, ile programu ya kukwepa kichujio, kwenye kompyuta yake, asome bila kuzuiwa. Nikamwambia asimwonyeshe mtu.

Siku moja baba yake alikuja chuoni na kibuyu cha maziwa ya mgando. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, akanitazama, halafu akasema kwa Kiswahili chake kifupi, "Huyu mtoto wangu wa kwanza kusoma. Anasema wewe unamsaidia. Kunywa." Nikanywa pale pale mzee amesimama, kama kwao wanavyotaka. Siku hiyo nilijiona mtu wa maana sana.

Muhula huu bosi aligundua kuna anayekwepa kichujio. Akaniagiza nimletee jina kabla ya saa sita mchana. Ndugu zangu, nilikuwa na saa tatu nzima za kuwa mwanaume. Nikapeleka jina la yule binti.

Kwenye kamati ya nidhamu niliitwa kusoma ripoti. Nikasoma "maudhui machafu", maana ndivyo kichujio kilivyoandika alipojaribu kabla sijamwekea VPN, wakati nilijua vizuri alichokuwa anasoma. Mwenyekiti akamuuliza, "Hiyo programu nani alikuwekea?" Nikaangalia chini. Nikamsikia anajibu, "Niliiweka mwenyewe." Msimamizi wake alijaribu kumtetea, akaambiwa utafiti si kibali cha kuvunja kanuni. Wakamsimamisha mwaka mmoja.

Nilimfuata nje nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Hata hakukasirika, na hilo ndilo linaniumiza zaidi. Akasema, "Ulikunywa maziwa mkononi mwa baba, na kwetu ukishayanywa wewe ni mtu wake. Nikikutaja mbele ya watu, nyumbani nimemwaibisha yeye, sio wewe." Akapanda gari la Katesh akaenda zake.

Wiki iliyofuata nilipewa barua ya pongezi kwa kulinda maadili ya chuo. Mama yangu ameiweka ukutani, kila mgeni anaonyeshwa. Huko Basotu nasikia wanasema binti alifukuzwa kwa kuangalia picha za uchi, na kuna wazee wanamwambia baba yake kwamba shule ndiyo imemharibu, amwozeshe. Ana wadogo zake wawili wa kike, na sasa mzee anasitasita kuwapeleka sekondari.

Rufaa yake inasikilizwa Jumatatu. Nikisema ukweli kazi sina, na pengine nitashtakiwa. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nimeomba, nimeungama kanisani, padri akaniambia nikaseme kwa wenye haki ya kusikia, sio kwake tu.

Jana binti amenitumia ujumbe. Nilidhani ananitukana. Ameandika: "Kaka shikamoo. Zile kurasa mmeshazifungua? Kuna mwenzangu anataka kuendelea na utafiti wangu, nisingependa naye apate shida."

Bado zimefungwa. Nywila ya kichujio ninayo mimi. Wenzangu, nyie mngemjibu nini?