Siku Kifaru Alipomaliza Riwaya ya Mapenzi

Fundi rangi wa gereji ile wanamwita Kifaru, na ukimwona huulizi kwa nini. Shingo hana, ana mabega tu, yanaendelea mpaka masikioni. Akisimama mlangoni, ndani giza. Akipiga chafya, mbwa wa jirani anajibu. Sasa mchukue mtu huyo, mpe kopo la rangi akalie nyuma ya gari bovu saa ya mapumziko, halafu mkute anafuta macho kwa mkono wa ovaroli kwa sababu kijana wa kwenye riwaya, ambaye kwanza kabisa ni marehemu, amemwambia msichana: "Kaa na mimi mpaka mvua ikatike."

Ndiyo. Kifaru huyuhuyu. Mapenzi ya mzimu.

Mambo yalianza kama kesi. Alikuta kitabu mezani kwa binti yake wa miaka kumi na tano, jaladani kuna kijana mwenye macho ya rangi ya fedha na shati lililogoma kufungwa vifungo. Akakitia mkononi kama ushahidi.

"Nasoma ukurasa mmoja tu," alimwambia mkewe, "nijue pa kumkamatia."

Mkewe alipotoka jikoni, mwendesha mashtaka alikuwa sura ya nne na chai yake imepoa.

"Vipi kesi, baba watoto?"

"Usinisemeshe. Bado tunasikiliza mashahidi."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Msichana anahamia shule mpya, na maktaba ya shule hiyo ina ghorofa ya juu iliyofungwa miaka mingi. Huko anaishi kijana mzimu, anayeonekana mvua ikinyesha tu. Mvua ikikatika, na yeye hayupo. Upande wa pili yupo Kepteni wa timu ya mpira, mzima wa afya, meno yamepangika kama vigae vya bafuni. Msichana achague yupi? Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Binti alikuwa Timu Kepteni.

"Baba, tuwe wakweli, angalau Kepteni ana mwili."

"Mwili hata mimi ninao, na mama yako analalamika kila siku," Kifaru alijibu. Yeye alikuwa Timu Mzimu, damudamu.

Kitabu cha binti kilipoanza kuzunguka kwa mashoga zake, Kifaru hakuvumilia. Alikwenda kwa muuza vitabu vya mtumba, akapata nakala, akasema ni zawadi ya mtu. Muuzaji akamtazama kuanzia buti mpaka kofia, akasema, "Mwambie huyo mtu sura ya kumi na mbili ajiandae." Tangu hapo wakaheshimiana.

Basi, binti na wenzake walikuwa na kikundi chao cha kusoma, kinachokutana sebuleni Jumamosi jioni, na binti ndiye mwenyekiti. Kifaru akaomba aingie kikao cha riwaya hiyo. Akaomba vizuri kabisa, kofia mkononi.

"Sharti moja, baba. Umalize. Asiyemaliza anakaa nje, maana hatutaki mtu wa kufichwafichwa mwisho."

"Nitamaliza."

Binti akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka tu kama mtu anavyocheka anachokijua. "Baba yangu wewe! Si ulisema mwenyewe hujawahi kumaliza kitabu tangu uzaliwe?"

Na kweli alisema. Shule aliiacha mapema, na kila kitabu alichowahi kushika kilimwacha njiani: hiki mwalimu alikichukua, kile kilichanika, kile kingine alikisinzia mpaka kikapotea. Watu wazima wanasema "nilisoma kitabu fulani", yeye maisha yake yote alikuwa mtu wa "nilianza." Kicheko kile akaondoka nacho. Kumaliza kukawa si habari ya mzimu tena. Kukawa habari yake.

Jumamosi yenyewe ikafika, zimebaki sura mbili. Akasema atazimaliza kazini, mapumziko ya mchana. Kosa lake likawa moja: aibu. Gereji nzima inaamini Kifaru anasoma magazeti ya michezo, kwa hiyo akakichomeka kitabu chini ya meza ya rangi, katikati ya magazeti ya zamani, akaenda zake kuchanganya rangi.

Sasa, kwenye gereji ile kuna sheria: karatasi yoyote iliyo chini ya meza ya rangi ni ya kufunikia vioo na taa, ili rangi isirukie. Sheria hiyo ilitungwa na nani? Na Kifaru. Aliwahi kumfokea mtu mzima mwenzake kwa kuulizauliza: "Ikiwa chini ya meza, chana, bandika, usiniulize!"

Siku hiyo palikuwa na kigari cheupe kinachotakiwa kugeuka bluu kabla ya jioni, na aliyekifunika ni fundi bodi, mtu mwembamba kama antena, jina lake la kazi Nyundo. Kifaru akaja na bomba la kupulizia, rangi imeshatiwa dawa ya kugandisha, na rangi ikishatiwa dawa hiyo haimsubiri mtu. Akainua bomba mlango wa nyuma. Jicho likatua kwenye kioo.

*"Usiniache," alisema, na mkono wake ukaanza kufutika kuanzia vidoleni.*

Kifaru akashusha bomba.

"Nyundo."

"Naam."

"Hizi karatasi umezitoa wapi?"

"Chini ya meza. Magazeti yaliisha, nikakuta kijitabu."

"Umekichana?"

"Nyuma tu! Mbele kulikuwa na kipande cha msasa katikati ya kurasa, nikajua huko kuna kazi ya mtu, sikugusa." Nyundo alisema hivyo kwa fahari, kama mtu anayengoja kupongezwa.

Kipande cha msasa ndicho kilichokuwa alama ya Kifaru, alipoishia. Yaani rafiki yake, kwa uangalifu mkubwa, alimwachia yote aliyokwisha kuyasoma na kubandika yote ambayo hajayasoma.

Angeweza kunyamaza. Angepiga rangi, kioo kingekuwa bluu, heshima ingebaki, na jioni angekaa nje ya sebule yake mwenyewe akisikiliza watoto wakicheka ndani. Alitazama bomba. Alitazama kioo.

"Ni changu," akasema.

"Nini chako?"

"Kitabu."

Nyundo akasogea, akasoma mlango wa mbele kwa sauti: "'Midomo yake ilikuwa ya baridi kama... kama dirisha la asubuhi...' Kifaru. Hiki cha binti yako."

"Binti yangu ana chake. Hiki cha kwangu mimi."

Kilichofuata si kicheko, ni ajali. Nyundo alikalia tairi, tairi likamkimbia, akacheka akiwa chini. "Dirisha la asubuhi! Kifaru, nishike, nakufa!"

Kifaru akangoja. "Umemaliza?"

"Bado kidogo." Akacheka tena. "Haya, tayari."

"Sasa inuka unisaidie kutafuta ukurasa unaofuata."

Kubandua haikuwezekana; tepu ingeondoka na maneno. Ikabidi wasome palepale. Nyundo alikuwa amebandika bila mpangilio: ukurasa mmoja mlango wa nyuma kulia, unaofuata mlango wa dereva, wa tatu unarudi kushoto. Kifaru akazunguka gari kama anayetafuta mlango wa kutorokea. Halafu akagundua balaa jingine: kila karatasi ina kurasa mbili, na ukurasa wa pili umelala kwenye kioo.

"Upande wa pili unasomeka kutokea ndani," alisema. "Ingia."

"Kwa nini mimi?"

"Mimi nikiingia humo mtanitoa kwa gesi ya kukatia chuma."

Nyundo akajipenyeza. Wakaanza: Kifaru anasoma ukurasa wa nje, Nyundo anadaka wa ndani, sauti inapita kwenye uwazi wa mlango. Mwanzoni Nyundo alisoma kwa sauti ya kike, anarembua macho, anajishika kifua. Kifaru alisoma tu, taratibu, kidole kikifuata mstari. Kufikia kioo cha pili Nyundo aliacha kurembua. Kufikia cha tatu alipaza sauti: "We, unakawia! Endelea! Kwa hiyo akipata mwili wake atamsahau huyu binti?"

"Ndivyo ilivyo. Msichana akimfungulia kifungo cha uzimu, anakuwa hai, ila hakumbuki chochote cha alipokuwa mzimu."

"Basi asimfungulie! Kwani lazima?"

"Soma kwako huko, Nyundo."

Kompresa, ile mashine ya upepo, ilikuwa imenyamaza muda wote huo, na gereji ikinyamaza, mwenye gereji hutoka ofisini. Mama huyo wanamwita Madam, na miwani yake tu inatosha kumtetemesha mtu. Alikuta fundi wake mkubwa amebandika sikio kwenye mlango wa gari.

"Mnafanya nini?"

"Madam, subiri," Nyundo alisema kutoka ndani, "anamuaga!"

"Nani anamuaga nani?"

Kifaru akajinyoosha. Sasa hapakuwa na pa kujificha. "Naisoma riwaya yangu, Madam. Ya mapenzi. Sura ya mwisho. Nikiimaliza nachanganya rangi upya na gari linatoka leo."

Madam akatazama bomba, rangi ndani imeshakuwa uji. Akatazama vioo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kwa nini anamuaga?"

Wakamweleza, wote wawili kwa pamoja. Akavuta kopo akakaa. "Rudieni hapo pa mvua."

Wakarudia. Msichana anakubali. Anamfungulia mzimu, mvua inakatika, na kwa mara ya kwanza kijana habaki hewa, anabaki mtu, amesimama na viatu vilivyolowa. Anamtazama msichana kama unavyomtazama mtu wa foleni. Anashuka ngazi. Anaondoka.

"Kha!" alisema Nyundo. "Ndiyo imeisha?"

"Haiwezi." Kifaru alishazunguka mbele. Karatasi ya mwisho ilikuwa juu ya taa, na upande wake wa pili umelalia taa. Hapo hakuna ndani ya kuingia. Lazima ibanduliwe.

Vidole vile vimezoea kung'oa bampa. Alipiga magoti, akashika ncha ya tepu kwa kucha, akavuta polepole. Nyundo alitoa kichwa mlangoni aone. Tepu ikanung'unika, ikasita kwenye kona, ikaachia. Karatasi ikatoka nzima, na herufi zake zote.

Kifaru akaigeuza, akasoma kwa sauti, na sauti hiyo hawakuwahi kuisikia. Mawingu yanafunga tena. Msichana yuko mlangoni mwa maktaba. Kijana anarudi mbio, amelowa, anasimama mbele yake. *"Samahani, sijui jina lako. Ila kila mvua ikianza najikuta nakutafuta."*

Halafu nafasi nyeupe. Halafu hakuna kitu. Kitabu kilikuwa kimeisha, na mtu aliyekimaliza alikuwa yeye.

"NILISEMAAA!" Mikono yote miwili juu, magoti chini. Mbwa wa jirani akajibu. Nyundo alikuwa anapiga paa la gari kwa viganja, "Mzimu! Mzimu! Mzimu!" na Madam, ambaye hajawahi kumpigia mtu makofi, alipiga mawili makavu.

"Haya, rangi," akasema. "Na hiyo taa ifunikeni tena. Na huo upande wenye msasa uleteni ofisini, nijue walikutanaje."

Gari lile lilitoka bluu mpaka mwenye gari akalizunguka mara mbili kuhakikisha ni lake.

Jioni Kifaru alifika kwake na bluu masikioni. Wasichana walishakaa, binti yuko mlangoni.

"Swali la kuingilia," alisema mwenyekiti. "Maneno ya mwisho ya mzimu."

Kifaru hakujikuna kichwa. Aliyasema yote, kwa kituo, neno kwa neno, na alipofika kwenye "najikuta nakutafuta," wasichana sebuleni wakapiga kelele wakajifunika mito.

Binti alimtazama. "Baba. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mpaka mwisho kabisa?"

"Mpaka penye weupe."

Binti akacheka tena, ila safari hii alimrukia shingoni, pale ambapo shingo ingekuwa. Akamvuta ndani, akamwondolea shoga mmoja kiti.

"Kikao kimeanza. Nani anafungua?"

"Mwenyekiti," Kifaru alisema, mkono umeshagusa dari, "Timu Kepteni wasimame kwanza, tuwape pole."