Mwanamke Aliyekuwa Akicheka Nyumbani kwa Baba

Shangazi alinipigia simu nikiwa kazini, akaniambia baba yangu ana mwanamke ndani.

Nikadhani nimesikia vibaya.

Baba yangu haoni. Presha ya macho ilimla jicho la kwanza taratibu, la pili halikukawia. Mama alishatutangulia zamani. Nyumba nzima ni yeye, cherehani yake na redio.

"Mwanamke gani, shangazi?"

"Ningemjua ningekuuliza wewe? Ninachojua anacheka. Nikipita dirishani namsikia. Nikibisha hodi, kimya. Kaka yangu anafungua mlango uso mkavu, kama hakuna kitu."

Akaongeza kwamba kicheko chenyewe si cha mchezo. Ni cha mtu aliyefika nyumbani kwake.

Nilikata simu nikakaa pale stoo, nimeduwaa.

Mimi ni mtunza stoo ya vipuri vya magari, mji mwingine kabisa, mbali na baba. Stoo yetu haina dirisha. Kuna siku napokea mzigo, naupanga, nautoa, na kitu pekee kinachonijibu ni ile "tii" ya skana, kifaa cha kusomea namba za mizigo.

Nikirudi, ni chumba changu na mimi.

Sasa nirudi nyuma kidogo, mnielewe.

Baba ni fundi cherehani. Macho yalipokwisha, mikono ilibaki. Anapima kwa vidole, na pindo lake limenyooka kuliko la wenye macho. Shida ikawa rangi. Mteja mmoja alileta suruali nyeusi ipunguzwe kiuno, akarudishiwa imeshonwa kwa uzi mwekundu.

Yule mteja hakugomba. Alishukuru, akalipa, akaenda zake, na hakuonekana tena.

Hilo ndilo lililomuuma baba. Mtu kumwonea huruma mpaka akashindwa kumgombeza.

Alifunika cherehani kwa kitambaa. Nilipokwenda likizo nikamkuta amekaa tu, mikono mapajani. Niliogopa. Nikaona mtu anazimika huku anapumua.

Ndipo nikakumbuka kazi yangu.

Pale stoo bakodi zote, ile mistari myeusi ya kwenye bidhaa, nazitengeneza mwenyewe kwenye Excel. Si uchawi. Safu ya kwanza unaandika namba. Safu ya pili unaweka fomula inayobandika kinyota mwanzo na mwisho wa kila namba. Halafu unabadili fonti, unaweka ya bakodi, na namba zinageuka mistari. Ukisahau vile vinyota, skana inakutazama tu kama hamjuani.

Nikamwekea baba programu kwenye simu. Inasoma bakodi kwa kamera, kisha inatamka ulichoiandikia.

Kila uzi nikaupa namba yake. Nikachapisha, nikabandika.

Ikagoma. Nyuzi ni za mviringo, mistari inapinda, simu haioni kitu. Nikapunguza ukubwa wa fonti, mistari ikabanana, ikawa mbaya zaidi. Mwisho nikarudisha ukubwa, nikaacha nafasi nyeupe pembeni, nikabandika kwenye vipande vya kadi ngumu na kuvifunga kila kimoja kwenye uzi wake kwa kamba.

Tii. Ikasoma.

Ila ile sauti ya simu ilitamka "nyeusi" kama mtu aliyeanza kujifunza lugha yetu jana. Baba akasema huyo simjui, simtaki nyumbani kwangu.

Basi nikarekodi sauti yangu. Kadi moja baada ya nyingine, mpaka nyuzi zote zikaisha. Siku iliyofuata kitambaa kilitoka juu ya cherehani. Wateja wakaanza kurudi, mmojammoja.

Mimi nikarudi stoo. Tukawa tunapigiana simu.

"Umekula, baba?"

"Nimekula. Kazi?"

"Ipo."

"Haya, binti yangu."

Ndiyo ilikuwa simu yenyewe, mpaka shangazi aliponiletea habari za mwanamke.

Sitawadanganya. Sikukasirika kwamba baba kapata mtu. Kilichonichoma ni kwamba kati yetu wawili kuna aliyepata mtu, na si mimi.

Niliomba ruhusa, nikapanda basi bila kumwambia.

Nilifika asubuhi, jua limeshawaka. Nikaingia uani kimyakimya. Cherehani ilikuwa inakwenda, trrr, trrr, halafu ikanyamaza.

Nikamsikia.

Mwanamke alicheka. Kicheko cha kifuani, kisicho na haraka, cha mtu asiyeogopa kusikika. Kikakatika. Baada ya muda kidogo akacheka tena.

Nilisimama pale na begi langu nikamwonea wivu. Nikajisemea, huyu lazima ana raha zake. Huyu hana stoo.

Nikabisha hodi. Kimya.

Baba akafungua. Nikasema ni mimi. Alinishika mkono, hakuuachia haraka.

Macho yangu yakapita ndani yakitafuta. Kikombe kimoja mezani. Ndala jozi moja mlangoni. Mlango wa chumbani uko wazi, kitanda kimetandikwa, hakuna mtu.

"Baba," nikasema, "shangazi kaniambia una mgeni. Mimi sina neno. Nataka tu nimsalimie."

Akaenda kwenye cherehani, akapapasa ndani ya droo yake, akatoa kadi moja. Haikuwa na uzi. Akaielekeza kwenye simu.

Tii.

"Baba, huu ni wa kijani," ikasema sauti ya chini. "Kijani... baba, acha bwana, narekodi." Halafu kicheko kile kile.

Kilikuwa changu.

Siku tunarekodi baba aliniuliza ni kijani kipi, cha majani au kile cha suti ya harusi ya mjomba. Suti ile aliishona yeye mwenyewe, na mpaka leo mjomba hajamsamehe kwa rangi ile. Nikashindwa kujizuia. Sikufuta, nikaendelea na uzi unaofuata, nikasahau.

Shangazi ananijua tangu nabebwa mgongoni, hakukitambua. Mimi mwenyewe, nimesimama mlangoni, sikukitambua.

"Uzi wa kijani uliisha zamani," baba akasema. "Kadi nikaibakiza."

"Mbona hukumwambia shangazi?"

"Ningemwambia nini? Kwamba nakaa na kadi?" Akaifuta kadi kwa kidole gumba. "Kwenye simu unaniuliza kama nimekula. Humu unacheka."

Nilimshika bega, tukakaa hivyo.

Kisha akaniuliza huko niliko nani ananichekesha. Nikasema watu wapo. Akaitikia kwa kichwa, na nilijua hajaamini.

Nilikaa naye siku zangu za ruhusa. Tulizungumza mambo ya kipuuzi tu, ya mjomba, ya bosi wangu anayesinzia kwenye vikao. Sikumrekodia kadi nyingine. Niliona kadi haitoshi. Sasa nikimpigia sikati mpaka mmoja wetu acheke, hata kama maneno yameisha na tunasikilizana pumzi.

Kabla sijaondoka nilipita kwa shangazi kumweleza hakuna mwanamke. Nikamsimulia yote, nikijua atacheka mpaka majirani waje.

Hakucheka.

Alikuwa anachambua mchele. Wanawe wote wako mbali, na huwa anasema wako salama, wana shughuli nyingi. Akaendelea kuchambua bila kuniangalia.

"Hizo kadi," akasema, "unaweza kunitengenezea na mimi?"

"Shangazi, wewe unaona vizuri."

"Naona, ndiyo."

Nikamuuliza niweke sauti ya nani.

"Yoyote," akasema. "Hata yako itafaa."

Nimeandika haya kwa ajili ya wewe ambaye ukipiga nyumbani unauliza kama wamekula, wanasema wamekula, unakata. Wamekula kweli. Usikate kwanza.