Tiketi ya Kuteleza wa Kwanza

Uvumilivu wangu uliisha pale msimamizi wa bustani ya michezo alipomwambia fundi wake, "Waache hawa wateleze kwanza, tuone panapokwaruza. Jumamosi wanakuja watoto wa mgeni rasmi."

Hao "hawa" ni watoto wetu sisi, tuliouziwa tiketi za kutangulia kwenye mtelezo mpya wa saruji, kule ufukweni, kabla haujafunguliwa. Binti yangu wa miaka mitano alikuwa ameshashuka. Mgongo ulichubuka, gauni lake la Idi likachanika.

"Mama, si ulitaka awe wa kwanza?" msimamizi akacheka.

"Nilitaka awe mteja, kaka, si msasa wako."

Na kweli nilitaka awe wa kwanza. Nilikuwa nimeshawaringia majirani wote wa mtaani kwetu Buzebazeba, na hilo lilinichoma zaidi.

Kesho yake nilipeleka barua kwa afisa biashara wa manispaa, nimeambatanisha na lile gauni. Sikuomba fidia. Niliandika: "Naomba ufunguzi usimamishwe mpaka msimamizi ateleze yeye mwenyewe, bila shati, kutoka juu mpaka majini, sisi wazazi tukiwa tumesimama pembeni tunatazama." Afisa aliisoma mara mbili, akaigonga muhuri.