Dawati la Firmin Asiyemwamini Mtu

Firmin Jolibert hakumwamini mtu. Nilifanya kazi naye miaka kumi na tisa katika uchochoro mmoja wa mafundi, mtaa wa Saint-Antoine, Paris, kwa hiyo nasema hili bila kumkosea marehemu. Sufuria ya gundi aliitia alama ya chaki, ajue kama kuna aliyeichota. Randa zake zililala chini ya kufuli mbili. Hata supu yangu ya vitunguu aliinusa kwanza.

"Mbona hunywi?"

"Anza wewe, dada Honorine."

Kazi yangu ilikuwa kung'arisha samani: kitambaa, vanishi na mkono usiochoka. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na miwili, lakini mbao nilizisoma kuliko wengi waliokalia vitabu.

Mwaka 1954 Firmin alimaliza dawati la kuandikia la mtindo wa mfalme wa mwisho kabla ya Mapinduzi. Miguu minyoofu yenye mifereji, ukanda wa shaba pembeni, ngozi ya kijani juu, na droo zilizoingia bila sauti. Mbao za ndani alizitoa kwenye kabati kuukuu la mwaloni. Aliliuza kama nakala, waziwazi, kwa mchuuzi mmoja wa samani, Castagnier.

Miaka mitatu baadaye dawati likatokea mnadani, eti la kale. Mkaguzi wa mnada akaona njia za wadudu zimekatika ghafla kwenye maungio ya mbao. Mdudu hakati njia yake kwa msumeno. Castagnier akaapa kwamba yeye ndiye aliyetapeliwa, kwamba Firmin alimuuzia kama la kale. Sasa Castagnier na mkaguzi wakaja karakanani kwa Firmin, dawati likibebwa nyuma yao. Kama Firmin angepatikana na hatia, hakuna karakana mtaani ambayo ingempa kazi tena.

Nami nitasema kweli: nilimshuku. Mtu anayefunga kila kitu, anaficha nini?

"Vuteni droo ya kati," Firmin akasema. "Nyuma yake kuna kitundu chenye sarafu ya 1954. Bwana wangu alinifunza hivyo, nakala ibebe tarehe yake tumboni. Na huyu alisimama hapa akiniona naitia."

Droo ikatoka. Mbao tupu.

"Sarafu imekwenda matembezini, mzee?" Castagnier akauliza.

Nikapapasa kwa ukucha. Palikuwa laini.

"Hapa pamezibwa kwa nta," nikasema. "Na nta hii haina hata mwaka."

"Bibi wa vitambaa naye mkaguzi siku hizi?"

"Tundu si sarafu," mkaguzi akasema, kwa upole.

Firmin akashusha pumzi kama mtu aliyesumbuliwa bure. Akafungua kufuli moja, kisha ya pili, akatoa kisu, akabandua ukanda wa shaba wa kulia. Chini yake, ndani ya gundi, sarafu: 1954. Kando yake neno "nakala" limechomwa kwa chuma cha moto.

"Ya kwanza niliiweka mbele ya mnunuzi," akasema. "Ya pili niliiweka kwa sababu nilimtazama machoni."

Castagnier akatafuta kofia yake. Ilikuwa kichwani.

Walipoondoka nikampelekea Firmin supu. Kwa aibu ya kumshuku, nikanywa kijiko cha kwanza mbele yake bila kuambiwa.

Akanitazama.

"Na cha pili," akasema.