Mama Flashi na Sura ya Dereva

Saa mbili asubuhi, Mama Flashi anavuta pazia jeupe, anapangusa kioo cha kamera, kisha anaweka stuli juu ya alama nyekundu sakafuni. Mteja wa kwanza, binti anayeomba kazi benki, anakaa kama anayengoja hukumu.

"Mwanangu, shusha mabega. Hapa hatuchomi sindano!"

Binti anacheka. Kamera bado haijaguswa.

Kwa miaka ishirini na miwili, mama huyu mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu amepiga picha za vitambulisho katika chumba hiki chenye upana wa hatua nne. Zamani alihudumia watu themanini kwa siku. Siku hizi kila mtu ana simu, naye akipata wateja ishirini anamshukuru Mungu. Lakini habembelezi mtu, maana kazi yake anaijua.

"Sheria inasema usicheke," anasema. "Haya, usipocheka, hata malaika anatoka na sura ya mwizi wa kuku!"

Mzaha huo una kidonda ndani yake.

Mwaka jana aliingia mwanamume mmoja, pande la mtu, kovu limekatiza nyusi, macho mekundu. Mama Flashi alisukuma pochi yake chini ya meza, akasogeza stuli hadi ukutani, akampiga picha moja tu, chapuchapu, kwa mbali.

Miezi mitatu baadaye yule bwana akarudi kutaka nakala nyingine. Alikuwa dereva. Aliomba kuendesha basi la wanafunzi katika shule tatu, na zote zilimkataa bila hata kumwita.

"Nikaitazama ile picha," anasimulia, sauti ikipungua. "Mwanga haukumfika usoni, macho yamekuwa mashimo. Jamani, ile haikuwa sura yake. Ilikuwa hofu yangu."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamweleza yote, akamwomba radhi.

"Mama, nilikuona ukificha pochi," dereva alimjibu. "Nimezoea. Macho haya ni vumbi la barabarani. Na hili kovu, nilipigwa na bembea nikimsukuma binti yangu."

Wakacheka hadi machozi. Mama Flashi akaisogeza stuli karibu, wakapiga soga robo saa nzima kuhusu huyo binti na bembea yake, ndipo akabofya. Picha haikucheka, sheria ni sheria, ila safari hii mtu alionekana. Shule ya nne ikamwita.

Siku ileile ya picha ya pili, Mama Flashi alipaka ile alama nyekundu pale stuli iliposogezwa karibu. Tangu hapo hapigwi picha mtu kabla ya maongezi, hata foleni ikifika nje.

"Usione ukadhani," anasema. "Mimi kazi yangu ni sura, na bado sura ilinidanganya. Sasa wewe je?"

Kabla ya saa nne dereva anapita kumsalimu, kama kawaida yake. Anaegemea meza, kiwiko kando ya pochi ya Mama Flashi.

"Ile picha haikunipa kazi," anatania. "Usukani niliujua mwenyewe. Wewe ulinifungulia mlango tu."

"Basi nami nifungulie wa basi lako."

Mjukuu wa Mama Flashi anaanza shule mwezi ujao. Ana miaka mitano, na ndiye pekee aliyeachiwa na marehemu bintiye. Ipo shule ya kutembea kwa miguu, dakika tano tu. Mama Flashi ameiruka, amemwandikisha katika ile ya mbali, ya basi la dereva huyu.

"Kiti cha nyuma yako, baba," anamwambia dereva. "Usimpe mtu mwingine. Huyo ndiye niliye naye."