Mashine Iliyokaribishwa kwa Maji ya Chumvi

Mwenyekiti wa kijiji kile, karibu na Idodi, alinikaribisha chai kabla sijashusha betri kwenye Landrova. Mtu wa namna hiyo simwamini. Ilikuwa miaka ya sabini, watu wamehamishiwa pale juzijuzi, maji yako mbali mtoni, na kisima kingechimbwa kimoja tu. Kila mtu alikitaka mlangoni kwake.

Kazi yangu ilikuwa kupitisha umeme ardhini kwa vigingi vya chuma, kisha kusoma kwenye mita jinsi ardhi inavyoukataa. Mwamba mzima huukataa. Mwamba uliooza na kulowa huupitisha, na hapo ndipo penye maji. Udongo wa juu ukiwa mkavu, tunamwagia vigingi maji ya chumvi ili umeme uingie. Siku ya kwanza tulipima bondeni, jirani na mto, kijiji kizima kikitutazama. Majibu yalikuwa mazuri.

Kesho yake tukapanda kwenye nyumba za juu. Mita ikasoma vizuri mno. Kiangazi kile? Nikafukua udongo kwa kidole, nikaonja. Chumvi! Na shamba la mwenyekiti lilipakana na hapo hapo. Nikapandwa na hasira.

"Ndugu mwenyekiti, mchezo gani huu?"

Akaapa hajui. Sikumsadiki hata kidogo. Ndipo mama mmoja mtu mzima akatoka kwenye kundi la wanawake, akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mwanangu. Usimgombeze huyo. Ni sisi. Jana tumeona mashine yenu mpaka inyweshwe maji ya chumvi ndo inafanya kazi. Tukasema na huku tuikaribishe, isije ikatuona wachoyo."

"Maji mmetoa wapi?"

"Si haya ya mtoni. Tumechota alfajiri, kila nyumba ndoo yake."

"Nyumbani mmebakiza nini?"

Akaipindua ndoo yake mbele yangu.

Nikatanua vigingi, maana vikiachana zaidi umeme huzama zaidi. Kila nilipotanua, ardhi ilizidi kuukataa. Nikaanza kuishuku mita yenyewe, nikakagua waya, nikarudia tena. Nilitamani sana nione kosa. Halikuwepo.

"Mama, huku ni jiwe tupu mpaka chini. Kisima kitakuwa bondeni."

"Kule kule karibu na mto?"

"Kule kule."

Akawaambia wenzake kwa Kihehe. Wakainuka, kila mmoja akachukua ndoo yake tupu, wakashika njia ya mtoni kwa mara ya pili siku ile.