Mitungi ya Maziwa kwa Kiprugut

Pombe haikuwahi kuuzwa nyumbani kwa marehemu Kiprugut pale Lanet, hata kikombe kimoja. Waliosema waliona vijana wakipitia mlango wa nyuma na mitungi waliona vizuri. Ni mitungi tu hawakuifungua.

Kiprugut alikuwa beki wa kutegemewa. Alianzia timu ya wapasua mbao kule Elburgon, akamalizia Nakuru. Goti lilipomstaafisha mwaka 2007, Mayur, mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyeifadhili timu, alimpeleka kozi ya ushauri nasaha, kisha akamwajiri awafunze wachezaji kutuliza akili. Siku ya kwanza Kiprugut aliweka viti viwili kando ya uwanja, akangoja. Hakuja mtu.

"Mimi si mwendawazimu, coach," kipa alimwambia baadaye. "Nikionekana hapo, mathe wangu nyumbani ataambiwa kabla sijavua viatu."

Basi wakaanza kuja nyumbani jioni, kila mmoja na mtungi, eti amefuata maziwa. Mkewe, Mwalimu Milcah, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na majirani walijua amekauka tangu Machi. Wakaamua wenyewe kinachouzwa. Vijana waliposikia uvumi huo hawakuukana.

"Wacha waseme nakunywa," kipa alisema. "Mlevi huoa. Mwendawazimu nani atampa binti?"

Baada ya machafuko ya uchaguzi ya mwanzo wa 2008 mitungi iliongezeka, na si wote walioibeba walikuwa wachezaji. Wengine walikuwa na mvi.

Ndipo wazee wa kanisa wakamwita Milcah, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa.

"Mama, tutajie tu ni akina nani na wanafuata nini," alisema Mzee Kibii. "Ukisema, kiti kitabaki chako."

Kiprugut alikuwa amewaahidi wageni wake kwamba hakuna jina litakalotoka. Naye Milcah alikuwa amekipenda kile kiti miaka kumi na moja.

"Wanafuata maziwa," akajibu.

"Ng'ombe wako amekauka."

"Najua."

Kiti kikapewa mwingine. Novemba mwaka huo, Kiprugut alipozikwa, jeneza lilibebwa na wale walevi wake, na hakuna aliyeyumba. Mzee Kibii aliomba kushika upande wa mbele. Alilia kuliko ilivyotarajiwa.

Watu bado humuuliza Milcah majina. Kama kati ya wenye mitungi alikuwamo mzee wa kanisa, hilo nalo limo katika ahadi ya Kiprugut. Milcah hatasema.